Nyekundu Isiyokauka

24 Aprili 2000, Jumatatu ya Pasaka

Leo Abbé Cyprien, padri wetu, amenivizia mlangoni mwa kanisa. Nilijua anataka kitu, kwa sababu amenisifia kitenge changu, na kitenge chenyewe kimepauka tangu mwaka jana.

"Sophie, kile kitambaa cha Pentekoste kimekuliwa na mchwa. Utatufanyia ingine. Mitume kumi na mbili, Bikira Maria, njiwa, na moto. Moto mingi! Iko na siku arobaini na nane."

Nimekubali kabla hajamaliza. Karibu miaka miwili sasa nachora vibao vya saluni na vya kuku wa kuchoma. Nilikuja kwa likizo tu, Julai 1998, kumsalimia kaka yangu Paluku, na vita vikafunga mto nyuma yangu. Kinshasa iko mwisho wa maji haya haya ninayoyaona kila siku, lakini ni kama iko mbinguni. Akademia ya sanaa nilikokuwa nikisoma haijui hata kama niko hai.

Nimefika nyumbani nikiimba. Kisha nimefungua kopo la nyekundu, nikakuta imebaki kijiko kimoja.

26 Aprili

Nimemwomba Paluku aniagizie rangi nyekundu kwenye ndege ya Butembo. Yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu, ni mfanyabiashara wa jumla: chumvi, sabuni, biskuti, betri. Ana moyo, lakini ameuweka kwenye mizani.

"Ndege inabeba kilo, Sophie. Kilo moja ya rangi ni kilo moja ya chumvi yenye haitakuja. Batu batakula rangi?"

"Na betri wanakula?"

"Betri inasemesha redio. Rangi inasema nini?"

Swali hilo limeniudhi kuliko kunyimwa. Hata hivyo amenipa jora la amerikani lililoingia unyevu. Alisema haliuziki.

28 Aprili

Kinyozi wa jirani amekirudisha kibao chake. Nilikuwa nimeandika jina lake kwa kile kijiko changu cha mwisho. Amesema wateja watadhani ni damu. Mama muuza ndizi aliyekuwa akipita naye akatupia lake: "Kweli, ni damu."

Nimechoka. Mwaka huu mjini hapa huwezi kuonyesha nyanya bila mtu kusema damu. Pale akademia mwalimu alituletea siku moja picha za kazi za wasanii wa sasa. Mmoja alikuwa amepaka ukuta mzima nyekundu, hakuna mtu, hakuna nyumba. Mwingine alimwaga unga mwekundu sakafuni ukawa vilima, akauacha hivyo. Tulicheka mpaka tukafukuzwa darasani. Jioni nilirudi peke yangu nikaziangalia tena, na nikatoka bila kucheka. Nyekundu ile haikuwa damu wala moto wala ua. Ilikuwa yenyewe, nami nilijisikia kama mtu aliyekaribishwa ndani.

Ninaitaka nyekundu ya namna hiyo, hapa Kisangani, mwaka huu. Mitume nitawachora juu yake, wadogo, ili Abbé asilie. Lakini nyuma yao nataka wekundu ambao mtu atasimama mbele yake asitamke lile neno, damu. Hilo tu ndilo ninalolitaka.

2 Mei

Unga wa matofali: umetoa kahawia. Maua ya ngaingai, yaani rozela, niliyoyachemsha: yametoa zambarau nzuri sana, ambayo asubuhi ilikuwa kijivu. Kanyere, mke wa Paluku, ameionja akasema angalau inafaa kwa kikohozi. Ni mjamzito wa miezi saba. Huu ni ujauzito wa tatu, na wawili wa kwanza tuliwazika kabla ya kubatizwa. Nyumbani hatuzungumzii tarehe.

4 Mei

Nimefanya jambo baya, naliandika upesi nisije nikalipamba.

Nimepanda toleka, baiskeli ya kukodi, hadi kwenye maporomoko kwa Wagenia, wavuvi wa mto. Nilikwenda kwa Mama Berthe, anayetuletea samaki wa kukausha. Mume wake, Valère, alikuwa majini akining'inia kwenye miti ya mitego yao kana kwamba mto ule haungurumi. Mama Berthe alikuwa amekaa chini anasugua gogo jekundu kwa jiwe, kwa mchanga na maji kidogo. Uji mwekundu ulikuwa ukishuka polepole kwenye jani. Huo ndio ngola. Wanaufinyanga mabonge, wanakausha, kisha wanachanganya na mawese na kumpaka mama aliyejifungua na mtoto wake.

Nilipoyaona yale mabonge kwenye kapu nilichuchumaa karibu. Ilikuwa nyekundu yangu.

"Mama, naomba ngola."

Akaendelea kusugua. "Ni ya mutoto gani?"

Ningeweza kusema ya picha. Nilifungua kinywa niseme ya picha.

"Ya mutoto wa Kanyere," nikasema.

Aliacha jiwe. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili hata kidogo. "Yule mwenye alizika wabili? Bon. Kwa yule natoa yote." Akanipa kapu zima, mabonge manane, kazi ya wiki ngapi sijui. "Mutoto akizaliwa, unaniita. Ni mi njo nitamupaka. Na ngola ya mutoto haitumikake kwa kitu ingine, umesikia?"

Nimesema nimesikia.

5 Mei, Ijumaa

Mizinga tangu asubuhi. Majeshi mawili ya wageni, wa Rwanda na wa Uganda, yanagombania mji ambao si wa yeyote kati yao. Tumelala chini ya vitanda. Mvua.

9 Mei

Kapu liko chini ya kitanda changu. Nalisikia, ingawa halisemi kitu.

14 Mei, Jumapili

Nimeanza. Jora tumelishona vipande vitatu, nikalitundika kwenye ukuta wa depo, ghala la Paluku, nyuma ya mifuko ya chumvi, maana hakuna ukuta mwingine wa mita nne. Mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi sina, nani anayo? Basi nimefanya kama wanavyofanya Wagenia: ngola kwa mawese. Nimepaka kwa viganja, brashi zangu zimebaki vijiti tu.

Mungu wangu. Ni nyekundu inayotoka chini kuja juu. Ukiikaribia uso wako unapata joto. Nimekaa sakafuni nimelia kidogo, kwa furaha, halafu kwa sababu ya kapu tupu.

17 Mei

Haijakauka. Mvua.

19 Mei

Haijakauka.

22 Mei

Haijakauka. Na sisimizi wamekuja, msafara mzima, kutoka kwenye biskuti hadi kona ya kushoto.

Nimekumbuka somo la mwaka wa kwanza, nikajipiga kofi la paji la uso na kuacha alama. Kuna mafuta yanayokauka, na kuna mafuta yasiyokauka. Mawese hayakauki leo, kesho, wala siku ya kiyama. Ndiyo maana wanayapaka mwilini! Ngozi haitaki rangi iliyokauka. Nilifuata desturi ya ngozi nikaitia kwenye kitambaa, mimi msomi wa akademia. Na mitume siwezi kuwachora. Nimejaribu Petro kwa makaa, amezama mpaka shingoni ndani ya dakika tano.

Usoni mwa watu nasema ni unyevu. Moyoni nasema ni uongo wangu.

25 Mei

Paluku amekiegemea kitambaa. Shati jeupe, la misa. Yale aliyoyasema siyaandiki hapa.

26 Mei

Kila kitu nyumbani ni chekundu. Kitasa cha mlango, kikombe changu, mfuko wa chumvi uliouzwa jana. Jogoo ana ubawa mmoja mwekundu na anatembea kama gavana.

28 Mei, Jumapili

Abbé amekuja kuona. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mitume iko wapi?"

"Wanangoja ikauke, Abbé."

"Na Maria?"

"Naye anangoja pamoja nao, kama ilivyoandikwa."

Hakucheka. "Sophie, batu bamezika tangu mwanzo wa mwezi huu. Niende niwatundikie damu nyuma ya altare?" Amenipa hadi Jumamosi ya tarehe 10. Pasipo mitume, atatundika shuka jeupe.

Naye pia amelisema lile neno. Nimeingia chumbani nikakifunika kichwa changu kwa mto.

1 Juni, Kupaa kwa Bwana

Kanyere ameanza kuja depo mchana. Anaweka kiti mbele ya kitambaa, anakaa, mikono juu ya tumbo. Leo nimemuuliza anaona nini.

"Kumbuka ukiwa mutoto," akasema, "unalala juu ya majani, unafunga macho, jua inakupiga. Ile yenye unaona ndani ya macho. Njo ile."

Ni wa kwanza. Wa kwanza ambaye hakusema damu. Na ni yeye niliyemwibia. Nilitaka kumwambia palepale, nikamwambia nakwenda kuteka maji.

5 Juni, Jumatatu

Imeanza saa nne asubuhi, na hii si kama ile ya Mei. Barabara ilijaa watu wakikimbia kutoka sokoni. Paluku alisimama mlangoni mwa depo akivuta watu ndani kwa mikono, yeyote aliyepita, mpaka risasi ikagonga bati juu ya kichwa chake ndipo akafunga. Tuko ishirini na saba. Mifuko ya chumvi tumeipanga kwenye milango na madirisha. Chumvi inakula risasi.

Wa mwisho kuvutwa ndani alikuwa Mama Berthe, na beseni la samaki kichwani. Aligeuka, akauona ukuta. Akaukaribia, akaunusa. Akagusa kwa kidole kimoja, akakiangalia kile kidole, kisha akaniangalia mimi. Halafu akaenda kukaa karibu na Kanyere.

6 Juni

Bila kukoma. Umeme hakuna. Tunakinga maji ya mvua kwenye mfereji wa bati kwa sufuria, mkono tu ndio unatoka nje.

Paluku amefungua katoni za biskuti akagawa. Hakuhesabu. Nilimtazama kusudi, hakuhesabu.

7 Juni

Mama Berthe bado hasemi nami. Ananigawia samaki sawa na wengine, na hilo ndilo linaloniumiza.

Ishirini na saba tumetazamana na nyekundu ile siku tatu. Nangoja mtu aseme. Nje kuna sababu zote za kusema.

9 Juni, Ijumaa. Naandika mambo ya jana.

Kanyere alianza uchungu alfajiri ya Alhamisi, mwezi mmoja kabla ya wakati. Hospitali iko mitaa sita kutoka hapa na hakuna mtu angeweza kuvuka hata mmoja. Wanawake walitundika vitenge kati ya mifuko. Paluku alikaa upande wa pili, mgongo kwenye chumvi, akisali rozari bila rozari, kwa vidole. Kila bomu lilipoanguka aliruka Salamu Maria moja na kuirudia. Sikuwahi kumwona yaya hivyo. Nilidhani katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayeogopa.

Mama Berthe alishika kazi. Mchana, saa saba hivi, mtoto alitoka. Msichana, mdogo kama samaki wa kukaanga wa watu wawili. Hakulia. Mama Berthe alimpuliza, akamsugua mgongo, akampuliza tena. Nilihesabu mpaka kumi na tisa. Akalia, sauti nyembamba, na depo nzima ikapumua.

Kisha Mama Berthe akasema kwa sauti, mbele ya wote, bila kunitazama:

"Sophie. Ngola ya huyu mutoto iko wapi?"

Alijua. Alijua tangu Jumatatu, na alikuwa ameningoja.

"Iko ukutani, Mama," nikasema. "Nilikudanganya. Kanyere hakuniomba kitu. Niliitaka kwa picha yangu, nikachukua jina la mutoto wake." Nilikuwa nalia hadi kamasi. "Unisamehe. Kanyere, unisamehe."

Nje mabomu tu.

"Alors?" akasema Mama Berthe. "Itoe ukutani. Imekauka?"

"Haijakauka."

"Sasa unalia nini?"

Paluku aliinuka. "Mama, pardon. Siye batu ya Butembo hatupakake mutoto miti. Maji ya ubatizo inatosha."

Na Kanyere, ambaye katika miaka saba sijamsikia akimpandishia mumewe sauti, akasema kutoka nyuma ya vitenge: "Paluku, nyamaza. Wabili tuliwazika na ngozi kavu."

Yaya alikunja mikono ya shati lake. Halafu akaenda ukutani yeye mwenyewe, akaweka viganja vyote viwili chini kabisa, akakwangua kwenda juu, mpaka mikono yake ilipoishia. Akageuka na nyekundu imejaa viganjani, hajui aishike vipi, kama mtu aliyepewa maji. Mama Berthe akaipokea, akanusa, akachuna sisimizi wawili akawatupa. "Ni muzuri," akasema. "Mawese ya kweli." Naye akaenda ukutani pamoja na Paluku, na mimi nikawafuata. Watatu tulikwangua kutoka chini kwenda juu, kila mmoja kwa kimo chake. Mtoto alipakwa miguu, tumbo, mgongo, utosi. Kanyere alipakwa mikono na kifua. Kisha wanawake wengine wakaja wakaomba kidogo, mmoja kwa paji la uso, mmoja kwa mtoto wake mgonjwa, na Mama Berthe akawaruhusu.

Upakaji ulipokwisha niliangalia watu wote wekundu mle ndani, siku ya nne ya vita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelitaja lile neno. Nilikuwa nimesahau kungoja.

10 Juni

Jioni hii kimya. Tunasikia vyura. Hakuna anayethubutu kufungua mlango.

11 Juni, Pentekoste

Tumefungua. Sitaandika yote tuliyoyaona njiani. Nyumba ya kinyozi haipo, naye hayupo. Kibao chake nilikikuta barabarani, si kile cha nyekundu alichokikataa, bali cha bluu alichokitundika badala yake.

Nilikuwa nimeamua kutopeleka kitambaa. Hakina mitume, kina michubuko mitatu mirefu ambapo amerikani nyeupe inaonekana, na alama za vidole vya watu sijui wangapi. Paluku hakuniuliza. Alikibeba juu ya kichwa na kijana mmoja wa depo, kimetandazwa, maana hakikunjiki, na mawese yakamtiririka kwenye shati lake lile lile.

Kanisa lina tundu kwenye paa, kubwa la kupita ng'ombe. Abbé Cyprien alikuwa akifagia vigae, amezeeka miaka kumi kwa siku sita. Tulitundika bila kuongea. Jua liliingia kwa tundu likaangukia pale. Ile michubuko mitatu ilipanda kwenye wekundu, mmoja mrefu wa Paluku, mmoja mpana wa Mama Berthe, na wangu uliopinda. Abbé aliitazama mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Ndimi za moto," akasema mwishowe, polepole. Kisha akakohoa, akarudi kuwa Abbé. "Na njiwa?"

"Tundu liko, Abbé. Akitaka ataingia."

Safari hii alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akaenda kuvaa.

Tulikuwa wachache. Alisoma majina ya marehemu mpaka sauti ikamwishia, nasi tukamalizia kila mmoja wake. Wakati wa kutoka, mwanamke mmoja aliyefiwa, simjui, alisimama mbele ya kitambaa. Nikamwona akivuta pumzi, na nikajua neno gani linakuja.

"Ni damu?"

Paluku alijibu, yeye aliyeniuliza rangi inasema nini.

"Hapana, mama. Ni ya mutoto wangu. Amezaliwa Alhamisi." Akamwonyesha mikono yake, bado ina wekundu kwenye mikunjo. "Gusa. Haikauke."

Yule mama akagusa. Akajipaka kwenye kifundo cha mkono, akaondoka amekishika kwa mkono wa pili.

14 Juni

Mtoto ananyonya. Ananyonya!

25 Juni, Jumapili

Mvua zimepungua. Kitambaa bado kibichi, na watu wanakigusa wakitoka misani. Abbé ananung'unika kuhusu mabenchi yake, lakini nimekiona kidole chake, chekundu.

Baada ya misa tumekwenda kwenye maporomoko, mimi, Kanyere, na mtoto mgongoni. Wamemwita Berthe, na Paluku ndiye aliyechagua. Mama Berthe alimpokea, akamkagua mbele na nyuma kama anavyokagua samaki, akaridhika. Nyumba yao imepoteza ukuta mmoja. Valère alikuwa akifunga miti mipya ya mitego, akatupungia mkono.

Kanyere alipokwenda kumwonyesha mtoto mto, nilikaa chini mbele ya gogo.

"Mama, naomba ngola."

Aliinua macho. "Ni ya mutoto gani?"

"Hakuna mutoto. Ni ya picha. Picha tu."

Maji yalinguruma, naye akapangusa mikono kwenye kitenge chake. Kisha akalisukuma gogo mbele yangu, na jiwe, na mchanga kwenye kifuu.

"Kwa mutoto, mi natoa. Kwa picha, weye mwenyewe utasugua."

Nimesugua mpaka jua lilipoinama. Alinikemea mara nne: maji mengi, mchanga mchache, natumia bega, natumia hasira. Nimepata bonge moja, dogo kuliko yai la kuku. Liko hapa juu ya meza linakauka. Mkono unaniuma, siwezi kuandika zaidi.